Kuku nyuma ya ng'ombe

Tukianza kufuga wengi tunauliza idadi, eneo hili litabeba ng'ombe wangapi, mbuzi wangapi, na mimi kadiri ninavyozidi kukaa na hawa wanyama ndo naona kuna swali linatakiwa litangulie: hapa watakula siku ngapi alafu watarudi lini? Maana nyasi ikishaliwa inachipua kwa akiba iliyobaki kwenye mizizi na kitako cha shina, na mnyama akirudi mapema anakula kile chipukizi, tena anakitafuta kabisa kwa sababu ni kitamu, akiba inaisha na mizizi inasinyaa. Ndo maana ng'ombe mmoja tu akiachiwa eneo kubwa msimu mzima anaweza kudhoofisha nyasi nzuri anazozirudia rudia akaacha yale magugu magumu yamesimama pembeni. Yule mkulima na mtafiti wa malisho Mfaransa, André Voisin, alishaliandika hili miaka ya 1950, na bado tunahesabu vichwa!

Basi leo nimehamisha tena ile fensi ya waya wa umeme, ng'ombe wameingia kipande kipya na kuku watafuata nyuma yao baada ya siku tatu nne hivi. Hizo siku zina maana yake. Nzi anataga kwenye kinyesi kibichi, na kufika hapo funza wameshanenepa ila hawajageuka nzi, kuku wanakuja wanachakura, wanakula funza na kinyesi wanakitawanya shambani, kazi ambayo ningeifanya mimi kwa reki. Bill Mollison na David Holmgren walioanzisha pamakalcha, yaani kilimo kinachoiga mifumo ya asili, kule Australia miaka ya 1970 walikuwa wanafundisha kumwangalia mnyama hivi, anahitaji nini, anatoa nini, na ukimwacha huru anapenda kufanya nini. Kuku anapenda kuchakura, sasa kwa nini nimfungie akachakure sakafu ya banda?

Kwa mbuzi hesabu ni ya minyoo. Kwenye joto na unyevu mayai yanayotoka na kinyesi yanaweza kuwa viluwiluwi tayari kuambukiza ndani ya wiki moja tu, na wengi wanabaki chini chini karibu na udongo, kwa hiyo mbuzi wahame kabla ya wiki kuisha na wasiachwe wakwangue nyasi mpaka chini. Alafu nyuma yao unaweza kuingiza ng'ombe, sababu minyoo mingi ya mbuzi haistawi ndani ya ng'ombe. Kondoo hapana, hao wanagawana minyoo na mbuzi. Dawa bado zipo na mgonjwa lazima atibiwe, ila ukimwaga dawa kama ivamektini kwa kundi zima kila mara inatoka na kinyesi inaenda kuwadhuru wale mende wanaozika mavi, na mimi nawahitaji sana wale mende.

Zizi la usiku nalo, jamani, tusisahau mkojo. Nitrojeni nyingi ya mnyama inatokea huko na ukisikia ile harufu inayochoma macho ujue mbolea yako inapaa hewani, ongeza majani makavu au maranda mpaka harufu ikate.

Kinachoniumiza kichwa sasa ni kiangazi. Mvua zikikata nyasi inachelewa kurudi, kwa hiyo mapumziko yanatakiwa yawe marefu zaidi na vipande nilivyonavyo ni vilevile. Kwa hiyo kabla sijaongeza mbuzi hata mmoja nataka niongeze miti ya malisho mipakani, kaliandra na lusina, mizizi yake inaenda chini kuliko nyasi na majani yana protini ya kutosha. Lusina nitaikata na kuwapa kwa kipimo, isizidi kama theluthi ya chakula, maana ina sumu ya mimosini, ikizidi wananyonyoka manyoya.