Moto mmoja: nilivyojifunza kupika Masaka wakati wa mvua

Nilifika Masaka, Uganda, mwezi wa Septemba, mvua za ddumbi zikiwa zimeshaanza. Huku Buganda mwaka una misimu miwili ya mvua: ttoggo, ya Machi hadi Mei, na ddumbi, inayoanza mwishoni mwa Agosti na kwenda mpaka Novemba au Desemba. Mimi ni mtu wa Muheza, Tanga, masika na vuli nazijua, lakini kwetu mvua haikuwahi kuninyima chakula. Masaka ilininyima ndani ya wiki mbili.

Nilikuwa napika kama nilivyolelewa: wali wa nazi kwenye sigiri moja (ndivyo wanavyoliita jiko la mkaa), maharage kwenye nyingine, mboga inasubiri zamu yake. Mkaa wa msimu wa mvua umelowa tangu njiani. Unapepea mpaka mkono unakufa ganzi, moshi unakujaa machoni, na maharage makavu bado yanataka saa tatu. Gunia nililotegemea litufikishe mwisho wa mwezi liliisha siku ya kumi na mbili. Nazi nazo zilikuwa chache, za zamani, ghali, na mbili kati ya nne nilizonunua zilikuwa zimeoza ndani. Jioni moja tulikunywa chai na mkate kwa sababu hakuna kilichoiva. Nililala na hasira.

Mama mkwe alikuja kutuona wiki iliyofuata. Nikapiga magoti kumsalimia kama mume wangu alivyonifundisha, nikamkaribisha, nikarudi jikoni kupambana na sigiri zangu mbili. Alinifuata, akasimama mlangoni akitazama. Kiswahili chake kilikuwa maneno machache aliyoyaokota mwaka 1979, majeshi ya Tanzania yalipopita Masaka kwenye vita vya kumwondoa Idi Amin. Kiganda changu kilikuwa salamu tu. Akainua kidole kimoja, akasema: "Muka mwana, omuliro gumu." Mke wa mwanangu, moto mmoja.

Akatoka na kisu kwenda shambani huku manyunyu yakianguka, akarudi na majani ya mgomba begani.

Alichonionyesha siku ile ndicho ninachopikia mpaka leo. Jani la mgomba unalitoa uti wake wa kati. Zile nyuti huitwa mizingoonyo, unazikatakata na kuzipanga chini ya sufuria kubwa, kisha unatia maji yasiyozifunika. Juu yake unatandaza majani mawili matatu, ncha zikining'inia nje. Ndizi za matooke unazimenya kwa kisu zikiwa mbichi kabisa, utomvu unashika vidole, unaziweka katikati ya majani na kuyakunja juu yake kama unamfunika mtoto. Halafu majani mengine juu, unayachomeka pembeni mpaka mvuke usipate pa kutokea. Ndizi haziguswi na maji, zinaivishwa na mvuke peke yake.

Lakini kilichonifungua macho ni kwamba ndani ya kifurushi kile hamkuwa na ndizi tu. Alichukua jani changa, lile laini ambalo upepo haujalipasua, akalipitisha juu ya makaa likababuka na kuwa laini kama kitambaa. Akalitia ndani ya bakuli, akamimina mchuzi mbichi wa karanga zilizotwangwa, maji, chumvi, kitunguu, nyanya na samaki mkavu wa moshi, akakusanya ncha na kuzifunga kwa kamba ya mgomba. Hiyo ni luwombo. Akaipachika juu ya ndizi. Kando yake vipande vya boga na viazi vitamu viwili. Moto mmoja, sufuria moja, chakula cha watu sita. Mchuzi wa karanga ukiupika peke yake lazima usimame uukoroge usishike chini wala usifurike. Ndani ya jani hauhitaji mwiko.

Baada ya saa moja na zaidi akafungua, akakusanya majani juu ya ndizi na kuzikandamiza kwa viganja, moto wote ule, mpaka zikawa laini. Hapo ndipo mboga za majani zilipoingia, zimefungwa kwenye jani lake dogo. Akafunika tena na kuacha juu ya makaa yanayofifia. Hatua hiyo ya pili kwangu ndiyo siri ya msimu wa mvua: haihitaji moto mkali, inahitaji makaa yaliyobaki. Tulipika saa tano asubuhi, mvua kubwa ikapiga saa nane, tukala saa kumi chakula kikitoa moshi.

Mara yangu ya kwanza peke yangu nilitia maji kidogo yakakauka, mizingoonyo ikaungua, na harufu ikaingia hadi kwenye boga. Mara ya pili jani la luwombo lilipasuka na mchuzi wote ukanywewa na ndizi. Sasa natumia majani mawili, moja ndani ya jingine, na naweka jiwe dogo safi ndani ya sufuria, chini kabisa kwenye maji. Likigonga, maji yanachemka. Likinyamaza, maji yamekwisha.

Kuni nazo zilipata makao. Fundi alinitengenezea uchaga juu ya mafiga (Waganda husema amasiga, neno ni ndugu kabisa), na kuni za leo zinakaushwa na moto wa leo kwa ajili ya kesho. Nyingi ni matawi ya mibuni yaliyopogolewa shambani. Mkaa nauhifadhi ndani, ndani kabisa, hata kama sebule inalalamika.

Moto ulipotulia ndipo nikaanza kuona mvua inaleta nini. Mboga za kienyeji ambazo kiangazi nazitafuta kwa fedha zinaota zenyewe kati ya migomba. Doodo ni mchicha wetu. Jobyo ni mgagani. Ensugga ni mnavu. Nakati ndiyo niliyokuwa siijui: ni ndugu wa nyanya chungu, ile tunayoita ngogwe, ila huyu hupandwa kwa ajili ya majani, na uchungu wake mdogo unaendana na karanga ajabu. Maharage mabichi, yale yanayobanduliwa kwenye maganda yao, hutoka mwishoni mwa kila msimu wa mvua na yanaiva kwa sehemu ndogo tu ya muda wa yale makavu. Yakishaonekana sokoni, makavu nayaweka kando.

Halafu uyoga. Kuna ule mdogo mweupe unaoitwa obubaala, unaojitokeza kwa mamia juu ya ardhi yenye mchwa baada ya mvua kubwa. Watoto wa jirani wanauleta kwenye kikapu asubuhi, nausafisha kwa maji manne au matano maana udongo wake ni mkaidi, kisha unaingia kwenye luwombo ya karanga bila hata tone la mafuta. Uyoga mwingine wowote siuokoti mpaka mama mkwe auone kwa macho yake, na hilo sibishani na mtu. Nilijifunza jambo jingine pia. Nilimwandalia rafiki wa mume wangu uyoga huo kwa fahari kubwa, akala ndizi na mboga tu, kwa upole, bila kusema neno. Alikuwa wa ukoo wa Butiko, yaani uyoga, na uyoga ni mwiko wao. Siku hizi mgeni akija nauliza ukoo wake kabla sijawasha moto. Na Novemba, ambayo kwa Kiganda ni Museenene, inapoleta senene, wale panzi wanaoliwa, Masaka, swali ni lile lile, kwa sababu ukoo wa Nsenene nao upo.

Karanga ndizo ninazoziogopa. Msimu wangu wa kwanza nilinunua unga wa karanga uliokwisha twangwa, ukawa na uchungu wa ukungu. Nikamwaga wote, na niliumia. Lakini sisi tunaotoka Tanzania tunakumbuka mwaka 2016, watu walipokufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha wala kwa mvuke wa jani. Unyevu ndio rafiki yake. Kwa hiyo wakati wa mvua nanunua karanga nzima, nazimwaga kwenye ungo mchana penye mwanga, na kila iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye vumbi la ukungu naitupa. Hata kuku siwapi. Zinazobaki nazikaanga bila mafuta, natwanga kwenye kinu kiasi cha siku mbili tu.

Mukene, yaani dagaa wa ziwani, pia wana tabu yao. Wanaotoka Lambu, mwalo wa Ziwa Victoria, hukaushwa kwa jua, na jua likikosekana wanalala na maji na kuanza kunuka. Namvunja mmoja mbele ya muuzaji: akivunjika kwa mlio na bado anang'aa kama fedha, nachukua. Akipinda, naondoka.

Aprili iliyopita shangazi yangu alipita mpakani Mutukula akitoka Bukoba, akaniletea nazi tano kutoka nyumbani. Nikakuna moja, nikachuja tui zito, nikalichanganya na mukene waliokaangwa, nyanya chungu na pilipili, nikafunga ndani ya jani na kuweka juu ya ndizi. Mama mkwe alifika mchana mvua ikimiminika, gomesi yake imelowa hadi magotini. Nikampa kanga kavu, akakaa mkekani, nikafungua majani mbele yake. Alionja, akanyamaza, akaonja tena. Akasema, "Weebale kufumba, muka mwana," yaani asante kwa kupika, kisha akauliza mchuzi ule mweupe umetokana na nini. Nikamwonyesha kifuu.

Akauliza nimetumia ngapi. Nikamwambia moja tu, Maama, zimebaki nne. Akasogeza sahani yake karibu na jani, akaniagiza nimpigie shangazi simu kabla hajavuka mpaka kurudi, nimwambie safari ijayo alete kumi.