Paa linavuja tangu sola ifungwe: tundu liko wapi, na lizibwe vipi

Sola iliyofungwa Januari, kaskazi ikivuma na mabati yakiwa makavu, inaweza kukaa miezi miwili mitatu bila dosari kuonekana. Masika yakiingia, upepo wa kusi unaisukuma mvua ubavuni, na doa la rangi ya chai linajitokeza kwenye dari ya chumba cha kulala. Fundi anaitwa, anapanda na mkebe wa silikoni, anapaka kila anapoona kichwa cha skrubu, anashuka. Mei, mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote hapa Mombasa, doa linarudi palepale, tena likiwa kubwa zaidi.

Silikoni haitibu tundu lililotobolewa pasipofaa. Inaficha tu, na ikipakwa juu ya vumbi inabanduka. Kabla hujanunua chochote, jua maji yanaingilia wapi na kwa nini yanapita hapo.

Umeme ndio wa kwanza. Kama maji yanadondoka karibu na invata (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli kuwa wa nyumbani), betri au boksi la swichi, punguza mzigo kwa kuzima upande wa nyumba, kisha zima swichi ya DC, yaani ya umeme wa mkondo mnyoofu unaotoka kwenye paneli. Usichomoe viungio vya MC4, vile vinavyounganisha waya za paneli, mkondo ukiwa unapita: cheche za DC hazikatiki upesi kama za umeme wa kawaida, na zinaweza kuwasha moto. Kuzima invata hakuzimi paneli. Paneli sita za wati 550 zilizounganishwa mfululizo hubeba karibu volti 300 mchana kutwa. Kugusa waya hizo ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati na petroli ya Kenya. Leseni hizo zina madaraja ya T1, T2 na T3, na ile ya T1 ni ya mifumo midogo kabisa, si ya nyumba nzima yenye invata. Mwambie akuonyeshe kadi.

Sasa tundu. Maji hayadondoki wima chini ya tundu lake. Yanaingia kwenye bati, yanashika ubao, yanauteremka hadi yakute msumari au kiungo, ndipo yanapodondoka. Doa likiwa katikati ya chumba, tundu huenda liko mita mbili au tatu juu zaidi, kuelekea kofia ya paa. Ingia darini na tochi, fuata alama ya maji kwenye mbao ukipanda, si ukishuka. Ukifika inapoanzia, pima umbali kutoka ukutani na kutoka kwenye kofia, kisha hamishia vipimo hivyo juu ya paa.

Usipopata kitu, jaribuni mkiwa watu wawili, mvua ikiwa haipo. Mmoja juu na mpira wa maji, mwingine darini na tochi, swichi ya DC ikiwa imezimwa. Anzeni chini ya safu ya paneli, mwage maji taratibu dakika tano hadi kumi mahali pamoja, ndipo mpande hatua moja. Mkianzia juu, maji yatateremka na kuingia tundu lolote lililo chini, na hamtajua ni lipi. Msiminye mdomo wa mpira ili maji yaruke kwa nguvu, maana maji ya kusukumwa hupenya hata kwenye maungio mazima. Kila linapopatikana tundu, wekeni alama ya chaki. Fanyeni hivi alfajiri. Saa sita mchana bati huunguza kiganja, na likilowa linateleza wakati wowote, kwa hiyo kamba ya usalama ifungwe kwenye kenchi, si kwenye reli ya sola, ile fito ya alumini inayobeba paneli. Kanyageni penye mstari wa misumari tu, ambapo chini pana ubao. Bati jembamba la geji 30 au 32 likikanyagwa katikati linabonyea, maungio yanafunguka, na unakuwa umejiongezea mvujo.

Kosa ninaloliona ndilo baya kuliko yote ni kutoboa bondeni. Bati lina migongo na mabonde. Maji ya paa zima hupita mabondeni. Mguu wa reli ukifungwa bondeni, skrubu inasimama katikati ya mkondo, na raba yake inaogelea kila mvua inaponyesha. Mafundi hupenda bonde kwa sababu bati hapo limelala juu ya ubao na skrubu inakaza upesi. Mguu wa sola ukae mgongoni, juu ya papi, yaani zile mbao zilizolala zinazobeba mabati.

Kosa la pili ni kuikosa papi. Skrubu inayoshika bati peke yake huonekana imekaza siku ya kwanza. Kusi ikianza kutikisa paneli yenye urefu wa mita 2.3 na uzito unaokaribia kilo 28, skrubu inacheza, na tundu la milimita 6 linageuka kuwa la umbo la yai. Darini utaiona ncha yake ikining'inia kando ya ubao. Matundu yaliyotobolewa kwa kubahatisha, yakaachwa wazi chini ya paneli fundi alipokosea kipimo, nayo huwa mengi, na hayaonekani mpaka paneli ifunguliwe.

Ichukue skrubu moja uiangalie kwa karibu. Chini ya kichwa pana washa ya chuma yenye raba nyeusi ya EPDM. Ikikazwa sawasawa, raba inachungulia kidogo tu kwenye ukingo wa washa, duara kamili, bila kuvimba. Ikikazwa kupita kiasi kwa drili yenye nguvu, raba inabinuka, inapasuka upande mmoja, na washa inazama kama kisahani kinachokusanya maji. Ikiwa imeachwa legevu, unaweza kuizungusha kwa vidole. Skrubu iliyoingia upande ni mbovu hata kama imekaza, kwa sababu nusu ya raba haijagusa bati.

Lipo na jambo ambalo wengi hawalifikirii: alumini hutanuka. Reli moja ndefu ya mita 10, ikipanda joto kwa nyuzi 40 kati ya alfajiri na mchana, hurefuka karibu milimita 9. Ikifungwa kipande kimoja bila nafasi ya kupumua, itavuta na kusukuma miguu yake kila siku ya Mungu, na matundu yatapanuka hata kama yalitobolewa vizuri. Reli ndefu ikatwe vipande na iachiwe pengo la kidole kati ya kipande na kipande. Paneli isivuke pengo hilo.

Kisha kuna hewa ya bahari. Nyumba za Nyali, Bamburi, Likoni na Shanzu zinapata chumvi kila siku, na bolti ya chuma cha kawaida iliyopakwa rangi ya fedha haimalizi miaka mingi. Tumia stenlesi ya 316, ile iliyogongwa alama ya A4 kichwani. Mabaki ya chuma yanayoruka wakati wa kutoboa yafagiliwe siku hiyohiyo kwa brashi laini. Yakilala usiku mmoja na umande, yanashika kutu na kuichimba rangi ya bati. Waya wa shaba wa ardhi usilazwe wazi juu ya bati, na maji yanayotiririka kutoka kwenye shaba yasipite juu ya mabati, kwa sababu shaba hula zinki. Utaona mstari wa kutu ukifuata waya ule, na matundu ya sindano baadaye.

Matengenezo yenyewe yaanze kwa kufungua paneli za sehemu iliyovuja. Kuziba kwa kupenyeza mkono chini ya paneli ni kupoteza pesa. Tundu dogo lililo mgongoni na juu ya papi huzibwa kwa kuweka skrubu nene zaidi yenye washa mpya, bila kurudia raba ya zamani. Urefu wake upite mgongo wa bati na kuingia ubaoni angalau milimita 40.

Tundu la bondeni halitumiki tena. Hamisha mguu uende mgongoni, kisha tundu la zamani liwekewe kiraka cha bati la aina ileile, kinachovuka tundu kwa milimita 50 au zaidi kila upande. Sugua kwa msasa laini, futa kwa spiriti, subiri pakauke kabisa. Paka mistari miwili ya gundi kuzunguka, bandika, piga riveti kila milimita 40 hadi 50, na kila kichwa cha riveti kipate tone la gundi. Bati likiwa na matundu zaidi ya matano sita, ni nafuu kulibadilisha lote.

Gundi nayo ina uchaguzi. Fungua kifuniko unuse. Ikinuka siki, ina asidi na italila bati chini kwa chini. Iache dukani, ni ya vioo. Tafuta silikoni isiyo na harufu hiyo, au bora zaidi gundi ya poliyurethani. Juu ya vumbi, chumvi au unyevu hakuna gundi inayoshika.

Waya zinapoingia ndani ndipo pengine maji yanapofuata bila tundu lolote la skrubu. Zipite chini ya ukingo wa paa ikiwezekana, si katikati ya bati. Kabla ya kuingia, waya ushuke na kupinda kama herufi U, ili maji yadondoke kwenye kitako cha mpindo badala ya kuufuata mpaka kwenye invata.

Paa la vigae lina ugonjwa wake. Ndoano ya chuma inayoshika reli ikikigusa kigae cha chini, mtu akikanyaga reli kigae kinapasuka. Ndoano iachwe na nafasi ya milimita 5 hivi, na kigae cha juu kichongwe kwa grainda ili kilale sawa.

Kwenye slabu, yaani paa bapa la zege, bolti iliyotoboa tabaka la lami hupitisha maji yanayotembea ndani ya zege na kutokea mbali kabisa. Ng'oa bolti, jaza tundu kwa saruji isiyosinyaa, bandika kiraka cha lami kinachovuka milimita 150 kila upande, na paneli zikae juu ya vitako vya zege vyenye uzito uliopigiwa hesabu ya upepo. Vitako visizibe njia ya maji kwenda kwenye mlizamu. Makuti usiyafungie paneli kabisa. Jenga fremu kando.

Mara mbili kwa mwaka, Machi kabla ya masika na Oktoba kabla ya vuli, toa majani ya mwarobaini na viota vya kunguru chini ya paneli. Takataka zikijikusanya nyuma ya mguu wa reli, maji yanapanda nyuma yake mpaka yanavuka kiungo cha mabati, na paa linavuja bila fundi kukosea popote.

Kabla ya kumlipa fundi salio, piga picha kila mguu na kila kiraka paneli zikiwa bado chini. Kisha mwageni maji dakika ishirini mkiwa na mtu darini. Pakiwa pakavu, ndipo paneli zirudishwe na makubaliano yaandikwe: muda wa dhamana ya kazi ya paa, tofauti na dhamana ya paneli na invata, na nani atagharamia dari ikiloa tena. Akikataa kurudi, Mahakama ya Madai Madogo husikiza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na picha hizo ndizo ushahidi wako.