Maskani si genge: ninavyopima miradi ya vijana mitaani Unguja

Kosa la kwanza la kupima miradi ya kuwazuia vijana wasiingie magenge limo kwenye neno lenyewe, "genge". Muulize kijana wa Jang'ombe kama yumo gengeni, atakwambia hayumo. Muulize sheha, atakuhesabia kila maskani iliyo chini ya mwembe. Kwa hiyo neno "genge" silitii kwenye dodoso. Nafuata utaratibu wa Eurogang, mtandao wa watafiti wa magenge wa nchi mbalimbali: Una kundi la marafiki? Limedumu zaidi ya miezi mitatu? Mnakaa hadharani, barazani au ufukweni? Kuvunja sheria kwenu ni jambo la kawaida? Mshawahi kuvunja pamoja? Akijibu ndiyo yote, namwandika. Wanaokesha na keram hutoka wenyewe kwenye hesabu.

Muulizaji asiwe wa shehia anayohoji, wala mahojiano yasifanywe ofisini kwa sheha. Majina daftari moja, majibu kwa namba daftari jengine, na hayo mawili yasilale nyumba moja.

Napima mara tatu: kabla ya mradi, unapokwisha, na mwaka mmoja baadaye, pamoja na shehia nyengine inayofanana nayo isiyo na mradi. Miradi mingi huletwa mtaa ukishachafuka kwa mapanga, na mtaa uliochafuka mara nyingi hupoa wenyewe, mipira na semina zije zisije. Tena usipime mara moja Ramadhani, mara nyengine Mfunguo Mosi. Baada ya tarawehe vijana hukaa nje saa nyengine kabisa.

Marekani, mafunzo ya skuli yaitwayo G.R.E.A.T. yalipopimwa miaka ya 1990 hayakuonekana kuzuia vijana kuingia magenge. Yakaandikwa upya, yakapimwa tena katika skuli 31 za miji 7, madarasa yakigawiwa kwa kura. Mwaka mmoja baadaye, kwa waliofundishwa, uwezekano wa kuingia ulikuwa chini kwa 39% kuliko kwa wasiofundishwa. Orodha ya mahudhurio, wanayoipenda sana wafadhili, isingeonesha tofauti hiyo.

Penye kudanganya zaidi ni waliokatika, yaani wasiopatikana tena unaporudi kupima. Chukua mfano: umeanza na vijana 120, 20 wamo makundini. Mwisho unawapata 70, waliomo ni 7. Ripoti itasema tumeshuka kutoka 17% hadi 10%. Lakini wale 50 usiowapata wakiwa na 20 waliomo, jumla ni 27 kati ya 120, yaani umepanda. Ndiyo maana robo ya pesa za tathmini naiweka kwa kuwatafuta: kwa mama zao, kwa makocha wa timu za mtaa, hata nyumba za kurekebishia walioathirika na unga.