Safari ya Kuangalia Zabibu za Watu

Mama mkwe wangu hakuielewa safari ile, na wala hakuficha. "Mwanangu apande ndege mbili akaangalie zabibu za watu, na hizi za nyuma ya nyumba nani atazivuna?" Baba Nuru alikuwa ameniweka kwenye spika bila kumwambia mama yake, kwa hiyo nililazimika kukohoa ili ajue nasikia. Hakujali. Akaongeza kwamba bahari nayo ipo Dar es Salaam.

Ilikuwa Agosti 2018. Mimi nilikuwa Cape Town nikimalizia shahada ya uzamili katika usimamizi wa maji. Mume wangu alikuwa anafundisha sekondari Dodoma, na mtoto wetu analelewa na bibi yake Hombolo, nje ya mji wa Dodoma. Tulikuwa hatujaonana tangu mwanzo wa mwaka. Niliposema nataka wikiendi moja ya sisi wawili tu, pasipo mtoto, pasipo wakwe, pasipo madaftari ya kusahihisha, alikubali haraka kuliko nilivyotarajia. Baadaye ndipo nilipogundua kwamba neno lililomvuta lilikuwa "mizabibu".

Tarehe haikutusumbua. Jumatatu ya 24 Septemba mwaka ule ilikuwa Siku ya Urithi, sikukuu ya kitaifa Afrika Kusini, hivyo wikiendi ilikuwa ndefu. Iliyosumbua ni mahali. Septemba huko ndiyo majira ya machipuko, na kila rafiki niliyemuuliza alikuwa na lake. Wa kwanza alisema twende kaskazini tukaone maua ya porini, sehemu ya Postberg katika Hifadhi ya Taifa ya West Coast, ambayo hufunguliwa Agosti na Septemba tu. Nilitamani sana. Lakini maua yale hufunguka jua likiwaka na kuligeukia. Siku ya mawingu yanajifunga, unabaki kuangalia vikonyo. Na Cape mvua ni za kipupwe, kinyume na kwetu, hivyo hata Septemba mawingu ya baridi bado huweza kuingia kutoka baharini na kukaa. Kumsafirisha mtu kutoka Dodoma kuja kuangalia vikonyo, hapana.

Nyangumi hawajifungi kwa mawingu. Hupanda kutoka bahari za baridi kali za kusini kuja kuzaa na kupandana katika ghuba zilizokingwa, na Walker Bay, pale Hermanus, huwa nao kuanzia Juni hadi Novemba, wengi zaidi Septemba na Oktoba. Maji pale ni ya kina hadi karibu na miamba, kwa hiyo huhitaji boti wala kichefuchefu chake. Nikaamua: Jumamosi Franschhoek, kwenye mashamba ya mizabibu, kwa ajili yake, Jumapili Hermanus kwa ajili yangu, Jumatatu turudi kwa barabara ya pwani.

Nilichora jedwali lenye saa. Nacheka nikilikumbuka, lakini wikiendi ndefu huko haichezewi. Ile tramu inayozungusha watu mashambani ilikuwa imeshajaa, nyumba za wageni za Hermanus zenye madirisha ya kuelekea ghuba zilikuwa zimeshachukuliwa, na mgahawa nilioutaka ulinipa meza ya saa tano na nusu asubuhi, wakati ambao si wa kifungua kinywa wala wa chakula cha mchana. Niliichukua. Swali la nani ataendesha nililimaliza mwenyewe: Afrika Kusini dereva wa kawaida anatakiwa awe chini ya gramu 0.05 za pombe kwa kila mililita 100 za damu, na mashamba matatu ya kuonja yanakufikisha hapo bila wewe kujua. Mimi ningeonja na kutema. Yeye angekunywa.

Kila jioni nilimtumia ujumbe wa sauti kuhusu vyumba, mandhari na mishumaa. Yeye alijibu kwa maswali. Udongo wa Franschhoek ukoje? Wanatumia waya ngapi kwa mstari? Na baba anauliza, unaweza kupata vipando vichache vya mzabibu wa huko, vya kufunga kwenye gazeti lenye unyevu? Hapo nilikataa katakata. Kupitisha mmea mpakani bila cheti cha afya ya mimea na kibali cha kuuingiza ni njia ya kuwapelekea wakulima ugonjwa ambao hawana, na sikutaka jina langu litajwe Hombolo kwa sababu hiyo. Baba mkwe alikubali picha.

Lakini kusema kweli, nami nilikuwa na mzigo wangu niliouficha. Kutoka Franschhoek kwenda Hermanus zipo njia kadhaa, na niliyoiandika mimi ilipanda mlima nyuma ya mji na kushukia bwawa la Theewaterskloof. Nilimwambia ina mandhari nzuri. Inayo. Ila bwawa lile, lenye uwezo wa mita za ujazo milioni 480, ni zaidi ya nusu ya akiba yote ya mabwawa makuu yanayolisha Cape Town, na mimi nilikuwa nimelala na kuamka na takwimu zake kwa mwaka mzima wa ukame. Nilitaka kuliona likijaa.

Alifika Ijumaa usiku kupitia Johannesburg, amevaa koti la kuazima. Jumamosi asubuhi tukaondoka.

Franschhoek ni bonde dogo lililozungukwa na milima pande tatu, ambako Waprotestanti wa Kifaransa waliokimbia mateso ya dini walipewa ardhi mwaka 1688. Majina ya mashamba mpaka leo ni ya Kifaransa. Nyumba ni nyeupe, na mwishoni mwa mistari ya mizabibu wamepanda mawaridi, ambayo kwa desturi ya zamani ya wakulima huonyesha dalili za ukungu kabla haujafika kwenye zabibu. Nilikuwa nimejiandaa kwa mshangao wake. Akasimama, akaangalia shamba, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama Nuru, mbona vijiti vitupu?"

Havikuwa vitupu kabisa. Vilikuwa na machipukizi mabichi ya urefu wa kidole, na majani machache yaliyokunjika. Huko mavuno huanza Januari hivi mpaka Machi au zaidi. Septemba mzabibu ndiyo kwanza unaamka. Mimi nilijua, sikuona kama ni jambo la kumwambia. Kwao Hombolo Septemba watu wako shambani na vikapu, na msimu mwingine unakuja mwanzoni mwa mwaka, kwa sababu Dodoma hakuna baridi ya kuulaza mmea. Mkulima ndiye anayeuamuru kwa kuupogoa: ukikata, unachipua, ukichipua, unazaa, ukivuna, unakata tena.

Katika shamba la pili tuliketi kwenye veranda, glasi tano mbele yetu. Binti aliyetuhudumia alitueleza kuhusu Pinotage, zabibu iliyozaliwa huko huko Cape mwaka 1925 baada ya profesa Abraham Perold kuchavusha zabibu ya Pinot noir kwa ile ya Cinsaut. Baba Nuru alisikiliza kwa heshima, akanywa, akasema ni nzuri. Kisha akamwona kijana mwenye mkasi wa kupogolea akipita kati ya mistari, akaniomba dakika mbili.

Nilionja glasi tano. Nilitema glasi tano. Nilitazama milima mpaka nikaijua. Kutoka kwenye veranda nilimwona mume wangu, na koti lake la kuazima, amechuchumaa kwenye udongo pamoja na kijana yule wa kutoka Zimbabwe, wakioneshana kwa vidole mahali pa kukata, wakipiga picha bomba la matone, wakicheka. Meza ya jirani walikuwa wachumba. Mwanaume alikuwa akimlisha mwenzake zeituni. Niliwachukia kidogo.

Aliporudi magoti yake yalikuwa na udongo na macho yanawaka. "Unajua huku mzabibu unalala miezi? Unadondosha majani, unalala kabisa, hakuna anayeugusa mpaka wakate matawi wakati wa baridi. Wetu haujawahi kulala tangu babu aupande." Nikasema vizuri. Akasema, "Umekasirika." Nikasema hapana, kwa sauti ile ambayo kila mume anaijua.

Chumba chetu nilikichagua kwa sababu ya picha moja: beseni kubwa la kuogea lililoelekea dirishani, na mlima nje. Lilikuwepo, na mlima ulikuwepo. Kilichokosekana ni kizibo. Walikiondoa kwa sababu ya ukame, na ukutani palikuwa na kibandiko cha kuomba wageni waoge dakika mbili na kukinga maji kwa ndoo. Cape Town mjini tulikuwa tangu Februari mosi kwenye lita 50 kwa mtu kwa siku, kwa hiyo ningeshangaa vipi? Baba Nuru alitazama beseni, akatazama ndoo, akacheka mpaka akakaa sakafuni. "Nimepanda ndege mbili kuja kuogea ndoo." Hapo hasira zangu ziliisha. Tulioga kwa zamu, yeye akihesabu sekunde kwa sauti nje ya mlango kama refa wa ndondi, na usiku ule ulikuwa mzuri bila msaada wa mshumaa hata mmoja.

Jumapili tukapanda mlima. Nilipaki gari mahali ambapo bwawa linaonekana lote. Mvua za kipupwe zilikuwa zimerudisha maji mengi, lakini kati ya maji na majani bado palikuwa na ukanda mpana wa mchanga mtupu, na visiki vilivyofichuliwa. Nilianza kumweleza: hapa mwezi wa tatu palikuwa vumbi, watu walitembea pale. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, akiwa bado anaangalia maji, "Ile barua umeijibu?"

Barua ilikuwa ya nafasi ya shahada ya uzamivu. Miaka mitatu mingine, pengine minne. Majibu yalitakiwa kabla mwezi haujaisha. Jedwali langu lilikuwa na saa ya kifungua kinywa na saa ya machweo, na barua haikuwemo.

"Bado."

"Nuru anamwita bibi yake mama siku hizi. Sikukuambia kwa simu."

Upepo ulikuwa mkali, tukarudi garini. Hatukugombana. Tulipita Villiersdorp kimya, tukapita Bot River kimya, redio ikiongea Kiafrikana ambacho hakuna kati yetu aliyekielewa.

Hermanus ina njia ya miguu inayofuata ukingo wa majabali kwa kilomita 12 hivi, na katikati ya mji yupo mtu ambaye kazi yake ni kupuliza baragumu lililotengenezwa kwa mwani mkavu kila nyangumi anapoonekana. Tulilisikia tukiwa bado tunafunga kamba za viatu. Na walikuwepo, hapo hapo chini, mama na ndama wake, karibu kiasi kwamba tuliwasikia wakipumua. Pumzi yenyewe hutoka kwa matundu mawili na kupanda hewani kwa umbo la herufi V. Mkubwa hufika mita 15 hivi. Mgongo hauna pezi. Kichwani ana magamba meupe ya ngozi ngumu. Alijilaza tu, ndama akimpanda na kuteremka, akimzunguka, akimpanda tena.

Baba Nuru, mtu wa Dodoma ambaye bahari aliijua kwa kupita Dar, hakusema kitu kwa muda mrefu. Alinivalisha lile koti. Kisha akasema, "Bwawa la Hombolo lina chumvi."

Sikumwelewa.

"Maji yake. Wanaomwagilia wanalalamika kila mwaka. Wewe unasomea bwawa la watu, nami jana nimechuchumaa kwenye mizabibu ya watu. Kwa nini usisomee lile la kwetu? Wakukubalie kazi ya uwandani uifanyie nyumbani. Miezi ya masomo uwe huku, ya kuchukua sampuli uwe kule."

Nilianza kumpa sababu za kwa nini haiwezekani: vifaa, maabara, fedha, msimamizi ambaye maisha yake yote ameyatoa kwa Cape. Aliziacha zimalizike zenyewe. Kila sababu niliyoitamka ilisikika nyepesi kuliko ilivyokuwa kichwani. Mpaka giza linaingia tulikuwa tumeshahama kutoka kwenye "kama" mpaka kwenye "lini", na tulikuwa tukibishana kuhusu idadi ya visima vya kupima. Chakula cha usiku cha Hermanus, kile nilichokilipia kianzio mwezi mzima kabla, sikumbuki kilikuwa nini. Nakumbuka leso ya karatasi ambayo alichora ramani ya mashamba ya baba yake na mto unapoingilia bwawani.

Jumatatu tulirudi kwa pwani. Tulisimama Betty's Bay kuona pengwini, ambao wananuka kuliko picha zao zinavyodai, na barabara ya kuelekea Gordon's Bay ilikuwa nzuri kiasi kwamba niliacha kuangalia saa. Alfajiri ya Jumanne nilimpeleka uwanja wa ndege. Nilipofika chumbani nilimwandikia msimamizi wangu barua pepe ya mistari minne, nikiambatisha picha ya ile leso, kumuuliza kama angeweza kusimamia utafiti wa chumvi kwenye bwawa ambalo hajawahi kulisikia. Alijibu kabla ndege ya Dar haijaruka kutoka Johannesburg: nimletee pendekezo, na nimwambie nani aliyechora ramani.