Futari ya Mjomba, Ramadhani ya 2019

Ramadhani ya 2019 iliangukia Mei, masika bado hayajakatika, nami nilikuwa Tanga kwa mjomba wangu mwenye kisukari. Mkaza mjomba alinitolea daftari la shule alimokuwa akiandika sukari ya mumewe. Mchana, akiwa amefunga, namba zilikuwa 6 na 7, milimoli kwa lita. Usiku, baada ya muda wa saa mbili tangu kufuturu, zilikuwa 14, 15, na siku moja 16. Daktari wake alishampangia dawa tangu Shaabani: alikuwa anatumia metformin peke yake, vidonge vya kushusha sukari, kidonge cha asubuhi kikahamia daku, cha jioni kikabaki kwenye futari. Kwa hiyo saumu haikuwa na shida. Shida ilikuwa kwenye mkeka, kati ya magharibi na isha.

Alasiri ile tukaingia jikoni pamoja. Sufuria lilikuwa na muhogo wa nazi, pembeni ndizi mbichi, viazi vitamu vimeshamenywa, na uji wa pilipili manga ukisubiri sukari. Futari ya pwani ni wanga juu ya wanga, na mtu wa kisukari akila kidogo cha kila kitu anakuwa amekula kingi bila kujua. Gramu 100 za muhogo zina kama gramu 38 za wanga. Ndizi za kupika zina kama 31, viazi vitamu kama 20. Nilimwomba mkaza mjomba atenge vipande vya muhogo ambavyo mzee huvila kila siku, tukaviweka kwenye mzani mdogo wa jikoni: gramu 380, yaani karibu gramu 145 za wanga kwenye muhogo pekee. Watu wengi wenye kisukari hupangiwa gramu 45 hadi 60 kwa mlo mzima. Hapo hatujagusa uji wala kaimati.

"Mpwa wangu," mjomba alisema kutoka mlangoni, "ukiniondolea muhogo umeniondolea Ramadhani."

Hakuna aliyetaka kuuondoa. Mtu akinyimwa chakula cha kwao atavumilia wiki, kisha atakula kwa siri, na anayekula kwa siri hapimi. Tulichofanya ni kuchagua wanga mmoja kwa usiku mmoja. Usiku ule ukawa wa muhogo, gramu 120, kama ukubwa wa ngumi yake. Ndizi zikangoja kesho yake, viazi keshokutwa. Nafasi iliyobaki ikajazwa mchicha, bamia na kachumbari, na kipande kinono cha samaki wa kuchoma.

Tui nalo lina habari yake. Mafuta ya nazi hayapandishi sukari yenyewe, lakini huchelewesha tumbo kutoa chakula, hivyo sukari inapanda pole pole na kwa muda mrefu. Mtu aliyekula muhogo wenye tui zito anaweza kupima baada ya saa mbili akafurahi, ilhali kilele kinakuja saa ya tatu au ya nne. Mkaza mjomba akapika kwa tui la pili, lile jepesi, na tukakubaliana usiku ule apimwe mara mbili.

Kilichotusumbua zaidi ni sinia. Maelekezo ya kliniki huchora sahani: nusu mboga, robo wanga, robo samaki au nyama. Nyumba ile watu sita wanakula sinia moja, mikono inakutana katikati, na mzee husogezewa vinono kwa heshima. Kumtenga na sahani yake pembeni kungemfanya mgonjwa mbele ya wajukuu. Mkaza mjomba ndiye aliyepata njia: muhogo wa mzee ukapimwa kabla na kupangwa upande wake, mboga zikarundikwa katikati ambako kila mkono unafika, na watoto wakaambiwa wasimwongezee babu. Sinia likabaki moja.

Tende hatukuzigusa. Tatu ndogo zilizokauka zina takriban gramu 15 hadi 18 za sukari, na kwa mtu aliyefunga tangu alfajiri hicho ni kiasi kinachofaa, mradi uji usiwe na sukari. Kwa hiyo uji ulitiwa pilipili manga na iliki, ukanywewa nusu kikombe. Juisi ya embe ilibaki ya watoto. Juisi hata isiyoongezwa sukari hupita tumboni upesi kuliko embe lenyewe, kwa sababu nyuzinyuzi zake zimechujwa na mtu hunywa maembe mawili kwa dakika moja.

Baada ya swala ya magharibi alianza na mboga na samaki, muhogo akaumalizia. Mpangilio huu unapunguza kasi ya kupanda kwa sukari hata kama chakula ni kilekile. Inashangaza jinsi jambo jepesi hivi lisivyosemwa. Sahani za majirani zilipofika, kaimati huku na mkate wa kumimina kule, alionja kaimati moja, nyingine zikaenda kwa vijana.

Kuhusu mazoezi, mzee alikuwa na desturi ya kutembea alasiri kuelekea Raskazone, ufukweni mwa mji, na aliendelea nayo hata akiwa amefunga. Hapo nilimsihi aache. Saa za mwisho za saumu ndizo mwili umekauka na sukari iko chini. Kwa mwenye kumeza glibenclamide, vidonge vinavyoulazimisha mwili kutoa insulini, au kuchoma insulini yenyewe, homoni inayoshusha sukari, matembezi ya saa hizo yanaweza kumwangusha njiani. Metformin peke yake kwa kawaida haishushi sukari hadi hapo, lakini kiu na joto la Tanga vinatosha kumdhuru mzee. Matembezi tukayahamisha yawe baada ya futari: mwendo wa dakika 20, kwa njia ya kuzunguka, hadi msikitini. Msuli unaofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata pale insulini inapokuwa dhaifu, na wakati wa kuutumia ni pale sukari ya chakula inapoingia. Tarawehe nayo ni mazoezi halali: kusimama, kurukuu, kusujudu, kuinuka tena.

Alirudi karibu saa 3. Mkaza mjomba akamtoboa kidole, kipimo kikaonyesha 19.8.

Mama wa watu alikaa chini. Kazi yote ile ya jikoni, na namba imekuwa mbaya kuliko zote za daftari. Nikamuuliza mjomba alikuwa akifanya nini kabla ya kuingia. Alikuwa barazani akiwagawia vijana tende.

Tone la damu linalotumika kupimia ni dogo mno, na chembe ya sukari ya tende iliyobaki kwenye ngozi inatosha kuipandisha namba maradufu. Akanawa kwa maji na sabuni, akakausha kabisa kwa taulo, maana kidole kibichi nacho huichuja damu na kushusha namba. Tukatoboa ubavuni mwa kidole, ambako maumivu ni kidogo, tukapima kwa kijiti kipya: 10.6. Lengo la kawaida kwa muda ule ni chini ya 10, kwa hiyo tulikuwa karibu. Saa moja baadaye, ule wakati wa tui, ilikuwa 9.9. Nikaangalia pia kikopo cha vijiti vya kupimia. Kilikuwa kinaachwa wazi dirishani, na unyevu wa masika huharibu vijiti hata kabla ya tarehe iliyoandikwa. Kikahamia kabatini, kifuniko kikibanwa.

Usiku mjomba aliniuliza, kwa sauti ya mtu aliyelibeba swali kwa muda, kama ugonjwa huu unaweza kuondoka. Nilimjibu kwa kilichochapishwa 2017 kutoka utafiti wa DiRECT wa Uingereza, ulioongozwa na Mike Lean na Roy Taylor: kati ya waliopitishwa kwenye mpango wa kupunguza uzito, 46 katika 100 walikuwa na sukari isiyofika kiwango cha kisukari baada ya mwaka, bila dawa. Kwa waliopunguza kilo 15 au zaidi, ilikuwa 86 katika 100. Wote walikuwa hawajafikisha miaka sita tangu wagundulike, na walisimamiwa, kwa kalori kama 850 kwa siku kwa miezi mitatu hadi mitano. Yeye alikuwa na miaka mitatu na tumbo kubwa. Nilimwambia aende kwa daktari wake na swali hilohilo baada ya Idi, asijaribu peke yake.

Daku tulikula dakika za mwisho kabla ya adhana: kunde, mayai mawili, kipande cha chapati ya unga usiokobolewa, mtindi usio na sukari, na maji ya kutosha. Wali mtupu na chai tamu hupandisha sukari alfajiri, kisha njaa inarudi kabla ya adhuhuri. Kwenye jalada la ndani la daftari, mkaza mjomba akaandika kwa kalamu nyekundu: chini ya 3.9, au juu ya 16.6, anafuturu saa hiyohiyo, na kutoboa kidole hakuvunji saumu. Chini yake akaongeza kwamba ikishuka, anapewa vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji, anapimwa tena baada ya dakika 15, na asipewe soda isiyo na sukari.