Barua Iliyoziba Sanduku

Masika ya 2003 nilikuwa fundi wa intaneti kafe moja Kariakoo. Kompyuta 12 ziligawana kilobiti 64 kwa sekunde kupitia dishi la setelaiti lililofungwa juu ya paa. Kilobiti 64 ni kilobaiti 8, na hizo ni za wote.

Asubuhi ile sanduku la barua pepe la kafe, walilotumia wateja wasio na anwani zao, liligoma. Barua ya kwanza ilivutwa ikafika theluthi, mvua ikazidi, mawimbi yakakatika, ikaanza upya toka sifuri. POP3, njia ya kuvuta barua kutoka kwenye seva, haiendelezi ilipoishia. Mara ya tatu nikajua kuna mzigo mbele, na barua za watu wengine zimekwama nyuma yake.

Nikaingia kwenye seva kwa telnet, programu ya kuiandikia seva amri moja kwa moja, mlango 110 wa POP3: USER na PASS za kujitambulisha, kisha LIST ya kuorodhesha barua na ukubwa wake. Kila jibu lilichukua zaidi ya nusu sekunde, maana setelaiti iko kilomita 36,000 juu, na swali na jibu vyote hupanda na kushuka. Ya kwanza ilikuwa baiti 5,612,480. Amri ya TOP 1 0 ikanionyesha kichwa chake bila kuivuta yote: imetoka kwa kijana aliyeko Chicago, kwenda kwa mama aliyekaa benchi tangu tufungue.

Fomu ya kurasa 3, imeskaniwa kwa rangi. Picha zenyewe takriban megabaiti 4. Barua pepe huzigeuza maandishi, zikanenepa kwa theluthi. Kuivuta ni karibu dakika 12 hata kama kompyuta nyingine zote zingezimwa. Kijana hakukosea. Kwake kulikuwa na intaneti ya kebo, analipia mwezi mzima, barua ilitoka bila yeye kuihisi.

“Mama, hii haitafika.”

“Mwanangu, kesho ndiyo mwisho.”

“Atatuma tena, ila ndogo.”

Nikamwandikia kijana: skani nyeusi na nyeupe, nukta 150 kwa inchi badala ya 300, ukurasa mmoja kwa kila barua. Ukipunguza nukta kwa nusu, picha inabaki robo. Kisha DELE 1, futa barua ya kwanza. Mawimbi yakakatika kabla ya QUIT, amri ya kuaga, na bila QUIT seva haifuti kitu, nikarudia yote.

Chicago ilikuwa saa nane usiku. Jibu lilikuja saa kumi na moja jioni yetu, barua tatu, hakuna iliyozidi kilobaiti 150. Ukurasa wa tatu ulitoka umeinama kidogo kwenye printa, lakini saini ya mwanawe ilisomeka.