Chata au shule ya wilaya? Kwa wazazi wenzangu wa Minnesota

Desemba ikielekea ukingoni, wazazi wa hapa Brooklyn Park tunaanza kupigiana simu. Januari 15 kwa kawaida ndiyo siku ya mwisho ya kumwombea mtoto nafasi katika wilaya nyingine ya shule kwa mwaka unaofuata, na shule za chata (charter) nazo zinapokea maombi, kila moja kwa tarehe yake. Swali huwa lile lile: "Dada, chata si ndiyo nzuri kuliko hizi za kawaida?" Naliandikia jibu hapa, hasa kwa aliyefika juzi kutoka Kisii, Mwanza au Bukavu na hajui aanzie wapi.

Chata si akademi kama zile tulizoziacha nyumbani. Haina karo. Ni shule ya umma inayoendeshwa kwa kodi, hairuhusiwi kuwa ya dini, haimpi mtoto mtihani wa kuingia, na wanafunzi wake hufanya mitihani ya jimbo kama wengine wote. Wakiomba wengi kuliko nafasi zilizopo, inapigwa kura ya bahati, na aliye na ndugu pale tayari hutangulizwa. Tofauti kubwa ni nani anaiongoza. Shule ya kawaida iko chini ya wilaya, na bodi ya wilaya huchaguliwa na wapiga kura. Chata ina bodi yake, na uhai wake ni mkataba iliotia saini na taasisi inayoisimamia. Hapa Minnesota mkataba huo hauzidi miaka 5, kisha shule inapimwa upya. Masomo yakiporomoka au hesabu za fedha zikivurugika, inaweza kunyimwa mkataba ikafungwa.

Jambo hili lilianzia hapa hapa kwetu. Minnesota ilikuwa jimbo la kwanza kupitisha sheria ya chata, mwaka 1991, na mwaka uliofuata City Academy ikafungua milango Saint Paul. Aliyelipigia debe wazo hilo mwaka 1988 alikuwa Albert Shanker, kiongozi wa chama cha walimu, aliyetaka walimu wapewe nafasi ya kujaribu mbinu mpya. Baadaye yeye mwenyewe akawa mkosoaji wake.

Je, zinafundisha vizuri zaidi? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipolinganisha mwaka 2009, asilimia 17 ya chata walizozichunguza zilizishinda shule za kawaida katika hesabu, asilimia 37 zikashindwa, na zilizobaki hazikuwa na tofauti ya maana. Ripoti yao ya mwaka 2023 iliona wastani umepanda: wanafunzi wa chata walikuwa mbele kwa kiasi kinacholingana na siku 16 za masomo katika kusoma na siku 6 katika hesabu. Sasa wewe unayetaka kumpeleka mwanao shule iliyo nyuma ya kituo cha basi, wastani wa nchi nzima utakusaidia nini? Ziko chata ninazozipenda kwa moyo wote, na ziko nyingine ambazo nisingempeleka mtoto wa jirani. Shule za wilaya ni hivyo hivyo.

Kwa hiyo nenda ukaone. Omba kuketi darasani, wana desturi ya kukubali. Niliwahi kukaa nyuma ya darasa la tatu katika chata moja ndogo, kukawa na binti mgeni kutoka Kongo aliyekuwa bado anahangaika na Kiingereza. Mwalimu msaidizi alivuta kiti karibu naye, akamwacha aeleze jibu la hesabu kwa Kiswahili kwanza, hata kama yeye haelewi neno, akimfuata kwa michoro aliyokuwa akichora. Kisha wakalijenga pamoja kwa Kiingereza. Mtoto alinyanyua mkono mara ya pili bila kuitwa. Kitu kama hicho hukioni kwenye tovuti. Uliza basi: walimu wa Kiingereza kwa watoto wageni ni wangapi, na wako shuleni kila siku au wanapita tu?

Kuna jambo linaloniuma zaidi kuliko yote. Baadhi yetu tunaficha hali ya mtoto. Anachelewa kuongea, hatulii, hasikii vizuri, na mzazi ananyamaza akiogopa shule itamkataa. Sheria ya nchi inazibana chata na shule za wilaya sawasawa: haziwezi kumkataa mtoto kwa sababu ya ulemavu, na zinatakiwa kumtimizia huduma zilizoandikwa katika mpango wake wa elimu maalumu, ule ambao wote hapa huuita IEP. Ukihisi kuna tatizo, andika barua ya kuomba apimwe, weka tarehe, baki na nakala. Ukitaka mkalimani kwenye kikao, sema; hulipi. Lakini angalia na uwezo halisi. Wilaya kubwa kwa kawaida ina wataalamu wengi wa matamshi na wa saikolojia, chata ndogo huenda ikamkodi mmoja anayekuja siku fulani tu. Mtoto mwenye mahitaji mazito namtazama kwa jicho hilo kwanza.

Basi la shule nalo ulizia mapema. Wengi wetu tunafanya kazi ya uuguzi zamu ya usiku, na shule isiyo na basi mtaani kwako itakumaliza kabla ya Krismasi.

Na ukiichagua chata, soma kumbukumbu za bodi yake. Vikao vyake viko wazi kisheria, kama vya wilaya. Tazama fedha za akiba, idadi ya wanafunzi inapanda au inashuka, mkataba unaisha mwaka gani. Fedha za jimbo humfuata mwanafunzi, na chata haiwezi kutoza kodi ya nyumba kama wilaya inavyofanya wapiga kura wakikubali, hivyo wanafunzi wakipungua ghafla, shule inayumba haraka. Rafiki yangu aliambiwa mwezi wa pili kwamba shule ya wanawe inafungwa. Wilaya anayoishi ililazimika kuwapokea, na ikawapokea, lakini walimu waliowazoea walitawanyika.

Bodi ya chata hapa lazima iwe na mwalimu mmoja, mzazi mmoja na mtu wa jamii, angalau. Hicho kiti cha mzazi kinagombewa. Sijamwona Mkenya wala Mtanzania akikigombea hapa mtaani, na wengi wetu tuna ujuzi wa hesabu za fedha na wa uongozi tuliokuja nao. Uliza ofisini uchaguzi ni lini.